Elfu ya Kuazima

Katika nchi ya Ulimbo jua lilichomoza na kuzama kama kwingine, mvua zikaja na kwenda, mtama ukaota na kukomaa, lakini hayo yote hayakuhesabiwa kuwa mwaka. Mwaka ulikuwa kinywani mwa Mfalme. Mavuno yakishaingia ghalani, mpishi wa mwaka alipika uji wa mtama mpya, akaubeba hadi uwanja wa baraza, akautaja mwaka kwa namba yake mbele ya watu wote. Watu wakaitikia, "Umeingia." Mfalme akaonja, ngoma ikalia, na hapo ndipo mtoto alipoongezewa umri, mjane akavua eda, mchumba akaoa na mfungwa akafunguliwa. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kutia mtama mpya mdomoni, hata kama wa zamani umebaki vumbi na wadudu.

Wageni waliopita Ulimbo waliicheka desturi hiyo. Wenyeji hawakuona cha kuchekesha. Waliwauliza wageni kwao mwaka hugeuzwa na nani, na wageni walipojibu kwamba hujigeuza wenyewe, wenyeji waliwaonea huruma.

Kiti cha Mfalme nacho kilikuwa cha kuazima. Mfalme wa Kwanza alipoingia na askari wake alitaka apewe kiti milele. Wazee wa wakati ule wakalikataa neno hilo, wakabishana naye mpaka koo zikakauka, mwisho wakakubaliana kwenye miaka elfu. Mwaka wa elfu ukiingia, yeyote atakayekuwa kitini ashuke, watu wakae chini wachague wenyewe. Wazee walirudi makwao wakijisifu kwamba wamemwekea mpaka, na mfalme yule akalala usingizi mnono akijua kwamba amepewa milele kwa jina jingine. Elfu ni neno la mtu anayetaka kusema milele lakini anaona haya. Siku za mwizi ni arobaini. Za mfalme wazee walizifanya miaka elfu, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba siku hiyo ikifika itamkuta mtu wa damu na nyama, ana njaa, na mumewe yuko gerezani.

Mtu huyo alikuwa Sikudhani, mpishi wa mwaka. Kazi aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma hadi mpishi aliyemlisha Mfalme wa Kwanza. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Maneno aliyopungukiwa yeye alikuwa nayo mumewe, Vuai, mchonga vinu, ambaye Mungu alimpa mdomo usio na kizuizi. Mwaka wa mia tisa tisini na tisa ulipokuwa unaelekea ukingoni, Vuai alialikwa harusini, akashiba, akajifuta mikono na kusema, "Mwakani tutakaa chini tuchague. Mimi nitamchagua mtu aliyewahi kutwanga mwenyewe."

Watu walicheka. Mmoja kati ya waliocheka alikwenda kusema. Hakimu hakutaka makuu: Vuai afungwe hadi mwaka ugeuke. Majirani walimwambia Sikudhani ashukuru, kwa maana mtama ulikuwa umeshaanza kutoa masuke na adhabu yenyewe haitafika hata kipupwe. Naye alishukuru kweli. Alikuwa na mimba kubwa, na alijipa moyo kwamba mtoto akilia kilio cha kwanza baba yake atakuwa mlangoni.

Mavuno yalipoingia alipika uji kwa furaha, akaufunika kwa kawa, akaupeleka barazani. Kabla hajafungua kinywa kuitaja namba, Mfalme alishika shavu akasema jino linamuuma. Watu wote wakampa pole. Mavuno yaliyofuata alisema uji una moshi. Yaliyofuata hayo akawa safarini, na walioachwa kulinda ikulu walisema hawajui atarudi lini, ingawa alionekana dirishani. Baada ya hapo hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu. Bakuli lilipokelewa, likawekwa kando ya mlango, na jioni Sikudhani akalirudisha nyumbani likiwa limepoa.

Hivyo mwaka ukakwama, na kila kilichofungwa kwenye mwaka kikakwama nao. Wajane walizidi kukaa eda mpaka wengine wakasahau sura ya marehemu. Binti wa Bi Kazija, jirani wa Sikudhani, alikuwa na mchumba aliyeposa akiwa kijana; sasa mchumba ameanza kuota mvi na bado anaitwa bwana harusi mtarajiwa. Mize, mtoto wa Sikudhani, alizaliwa, akatambaa, akatembea, akaanza kuchota maji na kubishana, na kwa sheria ya Ulimbo alikuwa hajatimiza mwaka. Mama yake alipompeleka kwa mwalimu, mwalimu alimtazama mtoto aliyesimama mbele yake na kusema kwa upole, "Mlete akifikisha umri, mama."

Mwanzoni watu walinung'unika. Kisha wakawa wanasema "ndiyo hali". Kisha hata hilo wakaacha kulisema. Mguu uliokaliwa vibaya huuma kwanza, halafu huingia ganzi, na mwenye mguu akajiona amepata nafuu. Ulimbo ilipata nafuu ya namna hiyo. Husemwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na walioishi kwa methali waliungojea mshindo huo, wakauzeekea.

Kila wiki Sikudhani alipeleka chakula gerezani. Mara chache aliruhusiwa kumwona Vuai kwenye tundu la mlango. Hapo awali Vuai alikuwa akiuliza kabla ya salamu, "Ngoma imelia?" Baadaye akawa anauliza baada ya salamu. Siku moja hakuuliza kabisa, na Sikudhani akagundua njiani, akirudi, kwamba yeye naye hakulingojea swali.

Kwa kuwa desturi ilimtaka mpishi akae na bakuli mlangoni mwa ukumbi mpaka Mfalme amruhusu kuondoka, Sikudhani alisikia mashauri mengi ya barazani. Wakubwa walimzoea kama walivyozoea bawaba za mlango. Siku moja alimsikia Mfalme akisema, "Hebu tuelezane. Hii elfu ni kitu gani hasa?"

Mnajimu, mtu mwembamba mwenye kilemba kizito, alisimama. "Milenia, Mtukufu," alisema, maana alipenda kulitumia neno hilo kila alipotaka asieleweke, "ni kama mtungi. Tuseme mtungi unajaa kwa vikombe kumi. Je, ukianza kumimina kikombe cha kumi, mtungi umejaa? Haujajaa. Unajaa kikombe kikiisha. Vivyo hivyo, mwaka wa elfu ukiingia, elfu haijatimia. Inatimia mwaka huo ukitoka."

"Kwa hiyo umenipa mwaka mmoja."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na ukitoka?"

Mnajimu alitazama vidole vyake. "Wapo pia wanaosema kwamba babu yako mtukufu, Mfalme wa Kwanza, aliingia mavuno yakiwa nusu, hivyo mwaka ule wa kwanza haukuwa kamili."

"Sasa nina mwaka na nusu," Mfalme alisema, na uso wake ulionyesha mtu aliyeomba samaki akaletewa mifupa.

Waziri ndiye aliyeyamaliza. Alikuwa mtu laini, asiyepandisha sauti hata akiwa peke yake. "Mnajimu anatugawia makombo, Mtukufu. Tusibishane na namba. Namba haina mke wala watoto, hatuna pa kuishikia. Lakini mwaka ni kinywa chako. Kinywa kikifungwa, nani atasema elfu imefika?"

"Watu watasema."

"Watu wana mambo yao," Waziri alisema.

Sikudhani aliyasikia yote hayo. Alijua kwamba alipaswa kuhisi kitu. Alichohisi ni bakuli likipoa kidogo kidogo katika viganja vyake, basi.

Sasa, ghala la mtama wa kale halina baraka ya kujijaza. Uliendelea kupungua na kubunguliwa, huku ghala za mtama mpya zikifurika na kufungwa kwa sheria. Asubuhi moja Bi Kazija alimkaribisha Sikudhani uji. Ulikuwa mweupe, mtamu, hauna hata punje moja yenye tundu.

"Mtama wa wapi huu, Bi Kazija?"

"Wa kale."

"Wa kale, na hauna wadudu?"

"Nimeupepeta vizuri." Bi Kazija alimtazama usoni bila kupepesa. "Kunywa, mwenzangu. Una mtoto."

Sikudhani alikunywa, akalamba kidole, na hakuuliza tena. Jioni yake yeye naye alifungua ghala, akapika, na Mize alipouliza huu ni mtama gani, alimwambia wa kale. Haukupita muda mrefu nchi nzima ikawa inakula mtama mpya na kuuita wa kale, kila nyumba ikijua ya jirani yake, na hakuna aliyemuumbua mwenzake. Walidanganyana kwa adabu kubwa.

Siku moja Sikudhani alipita jikoni mwa ikulu na kukuta ungo umejaa mtama mpya, unangojea kutwangwa kwa chakula cha Mfalme. Msimamizi wa jiko alimwona anavyoutazama.

"Wa kale uliisha zamani," msimamizi alisema. "Ulitaka Mfalme ale wadudu?"

Moyo wa Sikudhani ulipiga kwa nguvu, jambo ambalo ulikuwa haujalifanya kwa muda mrefu. Kinywa cha Mfalme kilikuwa kimeshaonja. Kama kinywa kimeonja, mwaka umegeuka, na kama mwaka umegeuka, Vuai anakaa gerezani bure. Hakurudi nyumbani. Aliingia ukumbini moja kwa moja na kupiga magoti mbele ya Mfalme, Waziri na Mnajimu.

"Mtukufu, sikuja kubishana," alisema. "Nimekuja kumwombea mume wangu. Hukumu ilisema afungwe hadi mwaka ugeuke. Mtukufu amekula mtama mpya. Jana amekula, na leo asubuhi amekula. Naomba afunguliwe."

Alifunga macho akingojea. Alikuwa tayari kwa ukelele, au upanga, au hata kwa Mfalme kushtuka tu. Alisikia Mnajimu akipiga miayo.

"Tunajua, Bi Sikudhani," Waziri alisema. "Sote tunakula."

"Mimi hasa napenda ule mwekundu wa kusini," Mfalme alisema. "Unakaa tumboni."

"Basi mwaka..."

"Mwaka uliutaja wewe? Watu waliitikia? Ngoma ililia?" Mfalme aliuliza bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kula ni kwa tumbo, mama. Kuonja ni kwa nchi. Mimi nimekula, sijaonja. Na huyo mume wako ni yupi?"

"Vuai, Mtukufu. Mchonga vinu."

Mfalme alifikiri kwa dhati. "Simkumbuki," alisema, na ilikuwa kweli.

Sikudhani alirudi nyumbani. Alikuwa amebeba siri moyoni, kumbe siri yenyewe ilikuwa imelala chali uwanjani na watu wanairuka. Hakulia. Alipika, akamlisha Mize, akalala.

Hata hivyo maneno yake yalibaki masikioni mwa Waziri, na siku chache baadaye alikuja nyumbani kwa Sikudhani kwa miguu, bila mlinzi, akabisha hodi kama mtu wa kawaida. Alikaribishwa mkekani, akapewa maji.

"Umenifikirisha, mama," alisema. "Sheria inayovunjwa na mtu mmoja kwa kelele ina faida, tunamfunga, wengine wanaona. Inayovunjwa na kila mtu kimya kimya ni hatari. Wakizoea kula bila ruhusa, watasahau kwamba ruhusa ni yetu. Na askari nao wananung'unika, maana mwaka usipogeuka hakuna wa kupandishwa cheo. Kwa hiyo nimeshauri, na Mfalme amekubali. Ataonja."

Sikudhani alishika ukingo wa mkeka. "Ataonja mwaka wa elfu?"

"Ataonja mwaka wa kwanza. Ile elfu ya zamani imekwisha yenyewe njiani na hakuna aliyeiona ikipita. Tusiisumbue. Tunaanza nyingine. Wewe utataja wa kwanza, watu wataitikia."

"Na kiti?"

"Elfu mpya, azimo jipya. Kiti kinakwenda pamoja nayo."

"Nikitaja elfu je?"

Waziri alikunywa maji polepole. "Desturi ni desturi. Ukiitaja wewe, na watu wakaitikia, Mfalme atashuka. Hatuwezi kukuziba mdomo, kwa sababu lazima wasikie sauti yako, la sivyo mwaka wowote hautasimama. Lakini nikueleze jambo. Hukumu ya mume wako inasema mwaka ugeuke, na wa kwanza ni mwaka. Gereza litafunguliwa siku hiyohiyo. Mfalme akishuka, kutakuwa na vurugu, na penye vurugu askari wa gereza husahau funguo walipoziweka. Sikutishi, mama. Nakueleza hali ya magereza."

Alishukuru kwa maji, akambariki mtoto, akaondoka.

Mchana wa siku moja kabla ya kuonja, Sikudhani alikaa uani akipepeta. Mize alikaa karibu naye, akichagua mawe.

"Mama, elfu ni nyingi?"

"Nyingi."

"Nyingi kama nini?"

Sikudhani alichukua punje moja akaiweka sakafuni, akasema, "Huyu ni mimi." Akaweka ya pili, "Huyu ni bibi yako, aliyenifundisha." Akaweka ya tatu, ya nne, akitaja wapishi wa mwaka kwa majina kama alivyokaririshwa, kila mwanamke na aliyemzaa, kila mmoja na bakuli lake. Alidhani jua litazama bado anataja. Majina yaliisha upesi. Alizikusanya punje zile, na hazikujaza hata kiganja kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa elfu. Neno lililowatisha wazee wakaliona sawa na milele lilikuwa wanawake wa kutosha kukaa kwenye mkeka wa harusi moja, kila mmoja akiwa ameongeza namba moja moja maisha yake yote na kumkabidhi binti yake, ili siku moja mmoja wao aweze kuitaja ya mwisho.

Alingojea uchungu uje, haukuja. Alizirudisha punje kwenye ungo na kuendelea kupepeta.

Kilichokuja ni hesabu ya mtu aliyechoka. Alijiambia, mimi nina Vuai wangu. Siwezi kumwacha afe mle. Nitataja wa kwanza kama nilivyoagizwa. Lakini mwaka hausimami bila kuitikiwa, na wao ni wengi, wanajua kuhesabu, wanajua tulipofikia. Watakataa. Mimi nitakuwa nimetimiza sharti, mume wangu atafunguliwa, na elfu itatajwa na uwanja mzima, ambao hauwezi kufungwa wote. Wazo hilo lilimtuliza, akalala nalo.

Uwanja ulijaa asubuhi kama ulivyokuwa haujajaa tangu Mize azaliwe. Mfalme alikaa kwenye kiti cha kuazima, amependeza. Waziri alisimama kulia, Mnajimu kushoto. Sikudhani aliinua bakuli juu ya kichwa na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Huu ni mwaka wa kwanza."

Uwanja ulinyamaza.

Aliteremsha bakuli na kuwatazama. Mbele kabisa alisimama Bi Kazija na binti yake, na binti alikuwa ameshapakwa hina mpaka viwikoni. Nyuma yao palikuwa na wajane, kila mmoja na nguo ya rangi imekunjwa kwapani. Mwalimu alikuwepo, na nyuma ya mwalimu wazazi wamewashika mikono watoto warefu wasio na umri. Palikuwa na wake wengine wa wafungwa, wamebeba kanzu safi za kuwavisha waume wanaotoka. Wote walimtazama yeye kama alivyowatazama wao, kila mmoja akingojea mwenzake aseme hapana, na Sikudhani akaelewa kwamba Waziri alikuwa ametembea kwa miguu kwenye nyumba nyingi.

"Umeingia," Bi Kazija alisema, akitazama mikono ya binti yake.

"Umeingia," wajane wakaitikia.

Sauti zikapokezana mpaka uwanja mzima ukawa unasema, na Sikudhani alisikia sauti moja ya karibu sana, nzito kidogo, ikisema nao. Alipotafuta mwenye sauti hiyo alikuta ni yeye mwenyewe.

Mfalme alionja. Alisema ni mtamu. Ngoma ikalia, na Mnajimu akapanda juu ya kigoda akawapongeza watu wa Ulimbo kwa bahati waliyopata, kwani duniani ni wachache mno wanaojaliwa kuishi mwanzoni mwa milenia. Watu walimpigia makofi. Waliyapiga kwa haraka, maana kila mmoja alikuwa na pa kwenda.

Gereza lilifunguliwa kama Waziri alivyoahidi. Kwa habari ya ahadi alikuwa mwaminifu. Vuai alitoka amekunja macho, amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Alimkumbatia mkewe, kisha akamtazama msichana aliyesimama pembeni.

"Shikamoo," Mize alisema.

"Marahaba. Huyu nani?"

"Mwanao. Mize."

"Ana umri gani?"

"Ametimiza mwaka leo," Sikudhani alisema.

Vuai alimtazama mtoto aliyemfika kiunoni, akatikisa kichwa kukubali, akashika njia. Walitembea watatu. Baada ya kitambo alisema, "Kwa hiyo elfu imefika."

"Haikufika."

Akamweleza. Alimweleza kuhusu jino na moshi, mtama mpya unaoitwa wa kale, maji aliyokunywa Waziri, na bakuli lililoinuliwa juu ya kichwa. Hakuficha kwamba aliitikia. Alisema haraka haraka, kwa sababu alitaka afike mwisho, na mwisho aliokuwa akiukimbilia ulikuwa hasira ya Vuai. Muda ule wote alikuwa amejiwekea akiba moja tu: kwamba Ulimbo bado ina mtu mmoja anayeweza kukasirika, na kwamba mtu huyo yuko salama, amefungiwa ndani, ganzi haijamfikia. Kwa ajili ya mtu huyo alikuwa ameuza miaka elfu. Sasa alimngojea amtukane. Alitaka kutukanwa kama mtu anavyotaka maji.

Vuai aliendelea kutembea kando yake.

"Ningekuwa pale, ningeitikia," alisema. "Tena kwa sauti."

"Usiseme hivyo, baba Mize."

"Nasema kweli. Umefanya vizuri, mke wangu." Akamshika mkono. "Asante."

Sikudhani alisimama katikati ya njia. Kitu kilimchoma kifuani, kikali, na alishangaa kwamba bado palikuwa na mahali pa kuchomeka. Akaanza kulia, na alipoanza hakuweza kunyamaza. Vuai alimshika bega asijue la kufanya. Watu walikuwa wakipita wakitoka uwanjani, wamejaza vinywa mtama mpya ambao sasa uliruhusiwa kuitwa mpya, na walipomwona mpishi wa mwaka analia kando ya mumewe aliyefunguliwa, walidhani ni furaha. Walisimama kumpa mkono na kumtakia mwaka mwema, na yeye, machozi yakimtoka, aliwashukuru mmoja mmoja.